Dawa Ilikuwepo, Foleni Ndiyo Ilikuwa Ndefu

Hotuba iliyotolewa Arusha mbele ya wafamasia, wauguzi, wenye maduka ya dawa muhimu na wanafunzi wa famasia

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia katika taaluma hii, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, marahaba, ingawa wengi wenu hamjaamkia.

Waandaaji walinipa mada ndefu yenye neno "changamoto" mara mbili ndani yake. Nimeipunguza. Nitazungumzia kwa nini dawa za kupambana na virusi hutukosa sisi kila ugonjwa wa mlipuko unapoikumba dunia. Tukiulizwa hujibu haraka kwamba dawa hazitoshi. Mimi nadhani jibu hilo si sahihi, na kwa kuwa si sahihi limetufanya tutafute tiba mahali pasipo na ugonjwa. Mara nyingi dawa ilikuwepo duniani. Tatizo ni kwamba sisi tulikuwa mwisho wa foleni, na dawa za virusi hazina subira ya foleni.

Tuanzie nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini alitua hapa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, tarehe 15 Machi 2020 akitokea Ubelgiji, na Wizara ikatangaza kesho yake. Mlango ulikuwa huu wetu, unaopitisha watalii wa Serengeti na wapanda mlima. Wakati huo hakuna nchi yenye dawa, tajiri wala maskini. Usawa huo ulidumu kama wiki sita hivi. Tarehe 1 Mei 2020 Marekani iliruhusu remdesivir ya kampuni ya Gilead itumike kwa dharura. Mwisho wa Juni serikali yao ikatangaza imeshanunua zaidi ya dozi laki tano: uzalishaji wote wa Julai, asilimia 90 ya Agosti na asilimia 90 ya Septemba. Bei kwa mgonjwa mmoja, siku tano, dola 2,340. Dunia nzima iliyobaki ikaambiwa igawane makombo ya miezi mitatu.

Mtasema, lakini Gilead ilitoa leseni. Kweli. Mwezi Mei 2020 ilikwishaanza kuruhusu viwanda vya India na Pakistani vitengeneze dawa ile kwa ajili ya nchi 127, na Tanzania imo. Kwenye karatasi tulikuwa salama. Kisha likaja wimbi la Delta, India yenyewe ikaungua, na Aprili 2021 ikapiga marufuku kuuza remdesivir nje ya nchi. Siwalaumu. Ningekuwa waziri wa Delhi, watu wanakufa kwenye maegesho ya hospitali, ningefanya hivyo hivyo. Ila ona jinsi leseni ya nchi 127 ilivyogeuka karatasi tupu siku moja, kwa sababu viwanda vilikuwa mahali pengine na mwenye viwanda naye anaumwa.

Mwaka ule nilikuwa nashika zamu kwenye duka la dawa Moshi mjini. Akaja kijana, hakuwa na cheti cha daktari. Alinyoosha simu juu ya kaunta, kwenye kioo kuna picha ya kichupa kidogo cheupe, ametumiwa na shemeji yake aliyeko nje. Akauliza bei kabla hajauliza kama ipo. Nikamwambia hatuna, jirani hawana, na asichome mafuta kwenda Arusha. "Nairobi je?" Nikamweleza kwamba hata akiipata, dawa ile inachomwa kwenye mshipa, wodini, siku kadhaa mfululizo, chini ya uangalizi. Huwezi kuiweka kwenye begi ukavuka nayo Namanga, ukamchoma nayo mzee sebuleni. Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye maneno yangu. Mwisho akanunua zinki na vitamini C, maana mtu hawezi kurudi mikono mitupu nyumbani ambako baba anahema.

Nje ya duka, tangawizi ya Same ilikuwa imepanda bei kuliko nyama, na malimau yalitafutwa kama dhahabu. Wapo wasomi waliowacheka watu wa kujifukiza nyungu. Mimi sikucheka. Mtu hujitibu kwa kilicho jirani yake, na sisi wenye makoti meupe hatukuwa na kitu cha kuweka jirani yake.

Hapa lazima nitoe angalizo ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi. Si kila dawa tuliyoikosa ilistahili machozi. Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri remdesivir isitumike kwa waliolazwa, kwa sababu majaribio yake makubwa hayakuonyesha kwamba inaokoa maisha; baadaye, Aprili 2022, likalegeza na kuipendekeza kwa wagonjwa wa hali ya kawaida walio katika hatari kubwa. Tofauti na hiyo, Juni 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya miaka mingi ambayo kila mmoja wenu anayo rafuni, inapunguza vifo kwa theluthi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni. Deksamethasoni tulikuwa nayo. Oksijeni ndiyo ilitutoa jasho. Baba wa yule kijana alihitaji mtungi zaidi ya kichupa kile cha picha.

Na kabla ya korona ilikuwepo Tamiflu, dawa ya mafua ya kampuni ya Roche. Mafua ya ndege yalipotisha 2005, kisha mafua ya H1N1 yakatangazwa janga la dunia Juni 2009, nchi tajiri zilijaza maghala. Uingereza peke yake ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kuihifadhi. Sisi tuliwekewa fungu la msaada: Roche ilikuwa imeipa WHO akiba, nayo ikagawiwa nchi 72. Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipofanikiwa kuzipata taarifa zote za majaribio, wakakuta kwa mtu mzima dawa ile inapunguza siku za dalili kutoka 7 hadi 6.3 hivi. Kwa hiyo tukilia, tulie kwa hesabu.

Sasa niwaambie ninacholilia mimi.

Paxlovid, dawa ya korona ya kampuni ya Pfizer. Hii ilikuwa ya vidonge, mgonjwa anameza nyumbani, asubuhi na jioni, siku tano. Kwenye utafiti wa kampuni, kwa watu wasiochanjwa walio katika hatari kubwa, ilipunguza kulazwa na kufa kwa karibu asilimia 89. Sharti lake moja: uianze ndani ya siku tano tangu dalili za kwanza. Siku tano! Ndani ya hizo mgonjwa wetu huwa bado anakunywa panado akisema ni uchovu wa shamba. Na moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake ni ritonavir, ambayo wafamasia wote wa CTC, kliniki za VVU, wanaifahamu kwa jina na kwa tabia zake mbaya; tumeitoa kwa wagonjwa wa VVU miaka na miaka. Yaani haikuwa dawa ya ajabu iliyotushinda maarifa.

Shika kalenda tutembee nayo. Tarehe 16 Novemba 2021 Pfizer inasaini leseni na Medicines Patent Pool, mfuko unaosimamia hataza za dawa, yaani haki za wavumbuzi, kwa ajili ya nchi 95, Tanzania tumo. Mwezi huohuo Marekani inaagiza dozi milioni 10 kwa dola bilioni 5.29, kabla hata mamlaka yao ya dawa haijairuhusu. Ruhusa ilikuja 22 Desemba. Wimbi la Omikroni linapita kwetu Desemba na Januari. Machi 2022 viwanda 35 vinasaini kutengeneza dawa hiyo kwa leseni. Tarehe 22 Aprili WHO inaipendekeza kwa nguvu zote. Mei inatangazwa bei ya chini ya dola 25 kwa dozi, na watu wanapiga makofi. Dawa ya kwanza ya jeneriki, yaani nakala halali, ya kiwanda cha Hetero cha India, inahakikiwa na WHO mwisho wa Desemba 2022.

Toka leseni hadi kidonge halali, miezi kumi na tatu. Virusi vilituachia siku tano. Mnielewe: sidai kwamba Hetero walizembea. Kiwanda kupata viambato, kutengeneza, kuthibitisha kwamba kidonge chako kinafanya kazi sawasawa na cha mwenyewe, kupeleka mafaili, kukaguliwa, yote hayo miezi kumi na tatu ni mwendo wa mbio. Lakini dozi ilipokuwa tayari, wimbi lilishapita, na hakuna bohari iliyotaka kuijaza. Halafu utasikia mtu kwenye kongamano anasema "Afrika hakukuwa na mahitaji." Mahitaji yalikuwepo Januari! Yeye amekuja kuuliza Desemba.

Wazee mliopo hapa hamwezi kushangaa, mmeshaiona sinema hii ikiwa ndefu zaidi. Mchanganyiko wa ARV ulithibitika 1996. Bei ilikuwa dola elfu kumi kwenda juu kwa mwaka. Februari 2001 Yusuf Hamied wa Cipla, kampuni ya dawa ya India, akasema ataiuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka, chini ya dola moja kwa siku. Mwezi Aprili kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini zikafuta kesi yao kule Pretoria. Novemba, Azimio la Doha likasema mkataba wa hataza usizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Mpango wa taifa wa kutoa ARV bure kwetu ukaanza 2004. Toka 1996 hadi 2004 ni miaka minane. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro makaburi ya vijana yalisogeleana hadi mtu akachimba katikati ya migomba aliyoipanda babu yake. Dawa ilikuwepo muda wote huo.

VVU ni ugonjwa wa pole pole, ukichelewa mwaka unaweza kuwaokoa waliobaki. Mafua na korona havikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana nasema tusiishie kuomba leseni. Leseni inafungua mlango, ila safari ya kwenda kununua inaanza siku hiyo. Aliyelipia kabla ya dawa kuthibitika ndiye anayehudumiwa kwanza, na kulipia kabla maana yake ni kukubali kwamba huenda ukatupa hela. Marekani walikubali. Sisi mkaguzi wa hesabu angetuuliza: mlinunua dawa ambayo haijasajiliwa? Swali halali. Lakini bila sheria inayoruhusu kubahatisha hivyo wakati wa janga, tutabaki kusubiri fungu la msaada.

Na kabla ya kulipia, uhesabu. Hapa mtaniwia radhi. Kuanzia Mei 2020 nchi yetu iliacha kutoa takwimu za korona, tukiwa na wagonjwa 509 na vifo 21 kwenye vitabu, na ukimya ule ulivuka mwaka. Najua mazingira yalivyokuwa, sote tulikuwepo, na wengi wetu tulinyamaza kwa sababu tunazozijua. Nasema tu kama mfamasia: mwenye stoo asiyejaza kadi yake hawezi kuandika oda. Hata mfadhili mwenye moyo mweupe hakujua atupangie dozi ngapi. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa muda hatukusimama ndani yake kabisa.

Kuna mfano wa jirani unaonifikirisha. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilituingilia Kagera, wagonjwa tisa, sita wakafariki. Septemba 2024 ikaingia Rwanda, wagonjwa 66, wakafa 15. Rwanda waliitumia remdesivir, ile ile, kama dawa ya majaribio, baada ya Gilead kuwapa vichupa kama 5,000 katika siku za mwanzo. Siwezi kuwaambia dawa ndiyo iliyookoa; walikuwa pia na vitanda vya wagonjwa mahututi, na wengi waliougua ni watumishi wa afya waliogundulika mapema. Lakini dawa ilifika wakati wagonjwa wangali hai. Ilifika kwa sababu wagonjwa walikuwa wachache na dunia nzima haikuwa inaing'ang'ania. Siku tutakayogombea dawa moja na London na New York, ukarimu wa namna hiyo tusiutegemee.

Basi tuna nini mkononi? Zaidi ya tunavyodhani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane, na makao makuu yake yako hapa mjini, wengi wenu mmepita getini leo asubuhi. Saba kati ya hizo nane zimo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi, Kenya peke yake haimo. Kwa uamuzi wa Shirika la Biashara Duniani, nchi za orodha hiyo hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Kwa sheria hiyo ya biashara tungeweza kutengeneza bila kumwomba mtu. Haki hiyo imekaa kwenye makabati, inakaribia kuisha muda wake kama amoksilini ya mwaka juzi, na bado hatujaimeza.

Kwa nini? Kwa sababu haki haisagi kidonge. Viambato vinatoka India na China. Machi 2020 India ilizuia kwa muda usafirishaji wa viambato na dawa 26, paracetamol ikiwemo. Paracetamol, jamani! Na kiwanda cha dawa za virusi peke yake hakiwezi kuishi kikisubiri janga lije. Mashine zinalala, mafundi wanaondoka kwenda kufungua maduka.

Lakini pitieni Kisongo, kwenye kiwanda cha A to Z. A to Z walikuwa watengenezaji wa nguo. Mwaka 2003 wakaanza kutoa vyandarua vya Olyset kwa teknolojia waliyopewa na Sumitomo Chemical ya Japani bila kudaiwa mrabaha. Watu walisema Mwafrika hataweza kuchanganya dawa ndani ya uzi. Vikatoka kwa mamilioni. Iliwezekana kwa sababu mbili: Mjapani alikuja na maarifa yenyewe, aliwaonyesha fundi kwa fundi, hakutuma barua ya ruhusa tu; na mnunuzi alijulikana mapema, kwa sababu mbu haendi likizo. Kiwanda cha dawa kinataka hayo hayo mawili. Kitengeneze ARV, dawa za kifua kikuu, za presha, vitu vinavyoisha rafuni kila wiki, na siku ya janga kigeuze laini moja ya uzalishaji. Na bohari zetu zijifunge kukinunulia hata kama cha Mumbai kina nafuu ya senti mbili. Najua watu wa manunuzi hapa wamekunja uso. Kunjeni. Senti mbili hizo ndizo bima yetu.

Upande wa kuhakiki tuko vizuri. TMDA, mamlaka yetu ya kudhibiti dawa, enzi ikiitwa TFDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la WHO la ukomavu. Na bohari yetu ya dawa, MSD, ilikabidhiwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kuratibu ununuzi wa dawa wa pamoja. Tumekuwa na kiti cha mbele kwenye foleni ya kanda, ni foleni ya dunia ndiyo hatujaingia kwa pamoja.

Kuhusu mkataba mpya wa majanga uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, nitasema kidogo. Unataka viwanda vitakavyoshiriki vitenge asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyozalishwa wakati wa janga kwa ajili ya WHO, nusu yake iwe msaada. Ulipopitishwa, kiambatisho cha kuueleza mpango huo kiliachwa kiendelee kujadiliwa, na huko ndiko mzozo ulipobaki. Msingi wake waliujenga Waindonesia, walipokataa mwaka 2007 kutoa sampuli za virusi vya mafua ya ndege, wakisema virusi vinatoka kwetu, chanjo zinatengenezwa kwenu, halafu mnatuuzia kwa bei tusiyoimudu. Wakatukanwa sana. Mwaka 2011 dunia ikakubali utaratibu wa kugawana kwa upande wa mafua. Sampuli ni mali, wenzangu wa maabara. Mkizitoa, andikeni mnachotaka kurudishiwa.

Namalizia na ninyi wa kaunta, maana mawaziri hawapo hapa na ninyi mpo. Dawa ya siku tano haina maana bila kipimo cha siku ya kwanza. Zahanati ya kijijini inatoboa kidole kwa mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, na kutoa majibu ndani ya dakika ishirini, wakati wa korona mtu alisubiri majibu hadi akapona au akazikwa. Duka la dawa muhimu ndilo mahali mgonjwa anapofika siku ya kwanza, kabla ya daktari yeyote. Likiachwa nje ya mpango wa kupima, hata tukijaliwa ghala zima la vidonge vitaharibikia humo. Nimewaomba waandaaji wapeleke hili kwa maandishi kwa mganga mkuu wa mkoa, na ninaomba wenye maduka mnaokubali mtie sahihi kwenye karatasi iliyo mezani pale mlangoni.

Jingine: dawa ikiadimika, matapeli wanaleta yao. Siku ile kijana wa Moshi angekutana na mtu mwenye kichupa kinachofanana na cha picha, angekinunua, na angeuza ng'ombe kukinunua. Ukiona boksi lisilo na usajili wa TMDA, usilirudishe kimya kimya kwa aliyekuletea. Andika namba ya toleo, piga picha, toa taarifa ofisi ya kanda siku hiyo hiyo.

Muda wangu umekwisha na wenzetu wa Karatu na Rombo wana mabasi ya kuwahi. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwa wenye maduka, wanafunzi wafuate. Asanteni sana.